Kusubiri Ukakasi Uchoke

Aliyewahi kuuma bibo kule Newala au Lindi hahitaji kuelezwa. Utamu unatangulia, halafu ghafla ulimi unakuwa kama umepakwa chokaa, fizi zinakauka, mashavu yanavutana kwa ndani, na ukitafuta mate ya kumeza huyapati. Kiswahili kinaiita hali hiyo ukakasi, na neno lenyewe linakwaruza likitamkwa. Nimesoma vitabu vya watu wanaolipwa kuonja mvinyo, nikawaona wakihangaika kurasa mbili tatu kueleza jambo ambalo mtoto wa Newala analimaliza kwa neno moja.

Naanza na bibo kwa sababu mvinyo ninaotaka kuusifia, Barolo ya mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, una ukakasi kuliko mvinyo wowote mwingine niliouonja. Familia zinazoutengeneza zingeweza kuupunguza, na zipo zilizojaribu. Nitafika huko, maana ugomvi wake ulikuwa mkubwa. Lakini wanaonivutia mimi ni wale walioamua kuulea ukakasi huo mpaka uchoke wenyewe, kazi ya miaka kumi, ishirini, wakati mwingine thelathini. Msomaji asiyegusa kileo asinikimbie. Nasifu mikono hapa, na kwa vyovyote Barolo haifai kulewea: ni ghali, na inakukausha kinywa kabla haijafika kichwani.

Nilifikishwa huko na padre. Mimi ni mtu wa Iringa, na kwetu Wakonsolata ni kama ndugu wa ukoo. Shirika lao lilianzishwa Torino mwaka 1901 na Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu Oktoba 2024. Wakaingia Kenya mwaka 1902, na Iringa mwaka 1919. Torino ndio mji mkuu wa Piemonte, kwa hiyo wazee wetu wengi walibatizwa na watoto wa wakulima wa zabibu bila kujua. Padre wangu alikuwa katika wale wa mwisho mwisho. Alikaa kwetu hadi nywele zikawa nyeupe, akarudishwa kwao kupumzika, na aliposikia kwamba nasoma Torino alinipigia simu. “Kamwene,” alianza kwa Kihehe, kisha akahamia Kiswahili: “Jumamosi usile asubuhi, kijana wangu. Tunakwenda nyumbani.”

Nyumbani kwao ni juu ya mgongo wa kilima cha Serralunga d'Alba, katika eneo linaloitwa Langhe. Ilikuwa Novemba. Vilima vimefuatana kama mawimbi, kila kilele na kijiji chake, kila kijiji na ngome yake au mnara, na mabondeni ukungu umelala mzito kama ule wa Mufindi mwezi Juni. Zabibu ya Barolo ni moja tu, Nebbiolo, na wengi husema jina limetoka kwenye neno nebbia, yaani ukungu, kwa kuwa huvunwa Oktoba wakati zabibu nyingine zote zimekwisha kuingia ndani. Ndiyo ya kwanza kuchipua na ya mwisho kuiva. Mwenye shamba anakaa roho juu tangu baridi ya Aprili inayoweza kuunguza machipukizi mpaka mvua za Oktoba zinazoweza kuozesha vichala, na hapo katikati kuna mvua ya mawe, ambayo haina ratiba.

Kwa huo uzito wake wa kuiva, Nebbiolo hupewa mteremko bora kuliko yote. Padre alisimamisha gari pembeni ya barabara (aliendesha mwenyewe, na aliendesha vibaya) akanionyesha kwa kidole. “Tulipokuwa wadogo tulitumwa kutazama theluji. Inapoyeyuka kwanza, hapo ni pa Nebbiolo. Inapochelewa, panda zabibu za Dolcetto, au zile njugu za kutengenezea Nutella.” Mteremko wa kwanza kupata jua wanauita sorì, na neno hilo utalikuta kwenye lebo za chupa za bei kubwa. Siku hizi watoto hawatumwi tena kutazama theluji, lakini sheria ya Barolo imeihifadhi hekima yao: mabonde hayaruhusiwi, na miteremko inayotazama kaskazini hairuhusiwi.

Eneo lote linalostahili jina hilo ni vijiji 11, hekta 2,000 na ushee, na ndani yake watu wamegawana ardhi kwa majina kama sisi tunavyogawana ukoo. Mwaka 2010 ramani rasmi ilitambua majina 181. Nilidhani ni mbwembwe za kuuzia, mpaka nilipoonjeshwa. Udongo wa Serralunga ni wa kale zaidi, wenye mchanga ulioshikana kuwa jiwe. Ng'ambo ya mabonde, La Morra, ni udongo wa kijivu wenye chokaa, laini kidogo. Unaweza kusimama Serralunga ukaiona La Morra hali ya hewa ikiwa safi. Lakini mvinyo wa La Morra hunukia mapema na kukuruhusu kuunywa mapema, na ule wa Serralunga hukufungia mlango kwa miaka.

Mtu akiziona nyumba za leo na magari yaliyoegeshwa nje anaweza kudhani utajiri huu ni wa enzi na enzi. Padre aliingia seminari miaka ya 1950 na hakuficha kwamba njaa ilikuwa mojawapo ya sababu. Beppe Fenoglio, mwandishi wa mji wa Alba, aliuandika ufukara wa vilima hivi katika riwaya fupi ya La malora mwaka 1954. Vijana walishuka kwenda Fiat kule Torino, au kwenye kiwanda cha chokoleti cha Ferrero hapo hapo Alba. Ferrero walipeleka mabasi vijijini kuchukua wafanyakazi na kuwarudisha, kwa hiyo mtu alilala kwake na jioni akapata saa moja ya kupogoa mizabibu ya baba yake. Padre aliamini kabisa kwamba mabasi yale yaliiokoa Barolo kuliko mtaalamu yeyote wa kilimo, na mimi sina sababu ya kumbishia.

Kisha ukaja mwaka 1986. Watu zaidi ya 20 walikufa nchini Italia kwa kunywa mvinyo wa bei rahisi uliotiwa methanoli, na sumu hiyo ilipita katika mikono ya wafanyabiashara wa Piemonte hiyo hiyo. Jina la mvinyo wa Italia likaanguka duniani kote. Waliobaki wamesimama ni wale ambao mnunuzi angeweza kugonga mlango wao na kumwona mwenye kazi ana kwa ana.

Mlango tuliougonga sisi ulifunguliwa na binti wa kaka yake padre, mama wa makamo aliyevaa buti za mpira, mistari ya viganja vyake imeingia weusi wa zabibu usiotoka kwa sabuni. Alimwita padre Barba, neno la Kipiemonte ambalo kwetu lingekuwa Baba Mdogo. Mimi aliniuliza kwanza kama nimekula. Shamba lao ni hekta tano na kidogo, alilianza babu yake, na wanaolihudumia ni yeye, mumewe, kijana wao wa kiume, na vibarua wakati wa kuvuna.

Tulishuka ngazi za mawe hadi ghala lililo chini ya nyumba. Hewa ya mle ni baridi na ina unyevu, harufu yake kati ya siki na uyoga. Mavuno ya mwezi uliopita yalikuwa bado yanachachuka kwenye tangi la saruji. Zabibu zikishapondwa, chachu huanza kula sukari, hewa hupanda juu na kuyainua maganda mpaka yanakuwa kifuniko kizito. Wengine huyarudisha chini kwa kuyamwagia mvinyo kwa pampu. Hapa walikuwa wamebana mbao ndani ya tangi ili maganda yazame na yasipande tena, na yanakaa hivyo mwezi mzima, mwaka mwingine hata siku 50, mvinyo ukinyonya rangi, harufu, na ukakasi wote wa ganda na kokwa. Ni sawasawa na mtu aliyeacha majani ya chai kwenye birika usiku kucha, kwa kukusudia.

Baada ya hapo ndipo mvinyo unahamishiwa kwenye mapipa. Ukisikia pipa usifikirie lile la kubebwa na watu wawili. Haya, wanayoyaita botti, ni ya mwaloni wa Slavonia, lita 3,000 hadi 5,000 kila moja, marefu kunizidi, mengine yametumika tangu kabla mama huyu hajaolewa. Pipa kubwa na la zamani kiasi hicho haliongezi ladha ya mbao. Kazi yake ni kupumua. Mvinyo unapungua polepole kwa kupenya kwenye mbao, na kila baada ya siku chache lazima mtu apande ngazi na kujazia, kwa sababu nafasi ya hewa ikibaki juu mvinyo utageuka siki. Mama yule alipita akigonga kila pipa kwa kifundo cha kidole, juu, katikati, juu tena, huku akiongea na padre habari za harusi ya mtu. Kwenye pipa la nne alinyamaza, akagonga mara ya pili, akapanda ngazi. Mimi sikusikia tofauti yoyote.

Sheria inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao. Pipa alilotufungulia lilikuwa la mavuno ya miaka miwili nyuma. Alifungua koki ndogo, akanimiminia vidole viwili. Nikatazama rangi nikadhani nimepewa kilichochujwa. Nebbiolo si nyeusi. Ni nyekundu inayopenya mwanga, kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji, na ukiweka gazeti nyuma ya glasi unasoma vichwa vya habari. Macho yakaniambia huu ni mwepesi. Nikanusa: cheri, ua fulani, na nyuma yake kitu chenye moshi. Nikanywa.

Lilikuwa bibo lile lile, na ndugu zake. Midomo ilishikana na meno. Nilipotaka kusema ahsante ulimi ulikataa kuteleza. Nikagundua kwamba mama yule hakuwa akiitazama glasi hata kidogo. Alikuwa ananitazama usoni, kama fundi cherehani anavyotazama mabega ya mteja na siyo kitambaa. “Bene,” akasema, akafunga koki. Alichokitafuta alikuwa amekiona.

Kinachotokea ni hivi. Tanini, ndio huo ukakasi wenyewe, hushikana na protini za mate, na mate yanapoteza utelezi wake. Mvinyo ukikaa miaka, tanini huanza kushikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi, zinakuwa nzito, zinazama chini ya chupa na kuwa mashapo. Hakuna dawa ya kuharakisha jambo hilo bila kuharibu vingine. Na hapo ndipo ugomvi ulipoingia.

Mwaka 1976 kijana wa La Morra, Elio Altare, alisafiri hadi Burgundy nchini Ufaransa, akaona wakulima wenye vishamba kama cha baba yake wakiishi maisha ambayo kwao hayakuwepo. Akarudi na mawazo ambayo baba hakutaka kuyasikia. Mwaka 1983 aliingia ghalani na msumeno wa injini akayakatakata mapipa makubwa ya familia. Baba yake akamwondoa kwenye urithi. Altare na wenzake wa rika lake walileta barriki, pipa dogo la lita 225 la mwaloni mpya wa Ufaransa, na badala ya kuyaacha maganda kwa wiki nyingi wakayatoa baada ya siku chache. Mvinyo ukatoka mzito wa rangi, laini, wenye harufu ya vanila, unaonyweka ukiwa bado mtoto. Wanunuzi wa Marekani wakaupokea kwa mikono miwili.

Upande wa pili alikaa Bartolo Mascarello, katika kijiji cha Barolo chenyewe, na hekta zake tano hivi. Wakati kila mtu anatenga chupa kwa jina la shamba, yeye aliendelea kuchanganya zabibu za mashamba yake manne, Cannubi, San Lorenzo, Rué na Rocche, kama alivyofanya baba yake. Miaka ya mwisho, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa akichora lebo kwa mkono, na mojawapo ilisema hakuna barriki, hakuna Berlusconi, yule mwanasiasa. Alifariki mwaka 2005, na binti yake, Maria Teresa, anachanganya mashamba hayo hayo manne mpaka leo.

Moyo wangu uko kwa Bartolo, lakini Altare ana haki yake. Mapipa mengi ya zamani yalikuwa machafu. Nimewahi kuonjeshwa Barolo iliyonuka zizi la ng'ombe, mwenye nyumba akishikilia kwamba ndiyo harufu ya ardhi ya mababu. Uchafu si urithi. Wale vijana wenye msumeno waliwalazimisha wote waoshe ghala, wapunguze vichala mtini ili vilivyobaki vishibe, waache kuvuna kwa woga kabla zabibu haijaiva. Mama wa Serralunga ana mapipa ya babu yake na usafi wa Altare, na ukizunguka Langhe leo nyumba nyingi utazikuta hapo katikati. Wapiga kelele wa pande zote mbili wamezeeka, na hata wale wa barriki wengi wao wamerefusha siku za maganda.

Saa saba tukapanda mezani. Tambi nyembamba za tajarin zilizokandwa kwa viini vya mayai tu, rangi ya manjano kama mkeka mpya, kisha nyama ya ng'ombe iliyochemshwa polepole ndani ya mvinyo tangu jana yake. Chupa ilikuwa ya 1989. Mama alikuwa ameisimamisha wima tangu Alhamisi ili mashapo yashuke, na kizibo alikitoa asubuhi, kwa vipande viwili, maana kilikatika. Sasa akawasha mshumaa nyuma ya shingo ya chupa, akaanza kumimina kwenye chombo cha kioo kwa mkono mmoja usiotikisika, mwendo mmoja bila kusita. Mvinyo ulipita mbele ya mwanga ukiwa rangi ya tofali lililochomwa. Ghafla kikatokea kiuzi cha giza kikitambaa kuelekea mdomoni, na kabla hakijafika alikwisha kuinua chupa. Kilichobaki chini, nusu kikombe cha tope, alikimwaga kwenye mchuzi.

Ukipewa glasi ya namna hii, usiharakishe kunywa, na usiogope kuonekana mshamba kwa kunusa sana. Glasi iwe pana, mvinyo uwe robo tu. Ukiizungusha kidogo, harufu hupanda na kukusanyika juu. Mara ya kwanza nilipata kabati la nguo za bibi: vumbi, mbao, kitambaa kilichofungiwa. Nikaiweka chini, nikala. Nilipoirudia lilikuwa limekuja waridi, lakini waridi kavu, kama chupa ya marashi iliyobaki tupu na bado inanukia. Chini yake kulikuwa na lami. Nilipokuwa nasoma kwamba Barolo hunukia lami na waridi nilidhani ni ushairi wa wauza mvinyo. Kumbe ni lami kweli, barabara mpya saa nane mchana. Baada ya saa nzima yakaja majani ya chai, uyoga, ngozi ya kiatu, ganda la chungwa lililokaukia dirishani. Glasi ni ile ile, hakuna aliyeongeza kitu.

Na kinywani? Ukakasi ulikuwepo bado. Hilo ndilo lililonishangaza, kwa sababu nilitarajia umekwisha. Kitenge kipya cha dukani kina wanga, kinasimama chenyewe na kukwaruza shingo. Kikifuliwa mara mia kinabaki kitenge kile kile, lakini sasa kinaufuata mwili. Ndivyo ulivyokuwa. Ulishika ulimi, ukatulia, ukaondoka taratibu, na nyuma yake ukabaki uchachu kama wa ukwaju ambao ulinifanya nitake kipande kingine cha nyama. Mafuta ya nyama hutuliza tanini, na ndiyo maana ninashikilia kwamba mbuzi wa kuchoma wa kwetu, yule mwenye mafuta ya pembeni yaliyoungua kidogo, anaelewana na Nebbiolo kuliko vyakula vingi ambavyo hoteli za Ulaya huiandalia.

Padre alikuwa hajasema kitu muda mrefu. Chupa ile aliitengeneza kaka yake, ambaye ni marehemu. “Wakati wanavuna hizi,” alisema hatimaye, “mimi nilikuwa Tosamaganga, nahangaika na jenereta.” Akanusa tena. “Kaka alikuwa mbishi sana.”

Ni hesabu ya miaka ndiyo iliyonifanya nielewe kwa nini kazi hii imekaa mikononi mwa familia. Mzabibu ukipandwa leo, miaka mitatu minne ya kwanza haukupi kitu cha maana, na wenyeji hawauamini mpaka ufikishe ishirini. Ongeza mwezi wa maganda, miaka mitatu na zaidi ya pipa na chupa, kisha miaka 15 au 20 ya kusubiri ukakasi. Anayepanda akiwa na miaka 35 atakuwa mzee au kaburini siku mvinyo wa mzabibu ule uliokomaa utakapokuwa tayari. Meneja wa kampuni anayehesabiwa faida kila Desemba atafanya vipi kazi hiyo? Padre, aliyekuwa amesoma misa kwa divai ya Dodoma kwa miaka mingi, alipenda kunitania kwamba kule mizabibu hailali, inavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo watu wa Dodoma wana miaka 60 ya mavuno katika miaka 30. Nami nilimjibu kwamba waache kwanza wavune. Ukoo wa mvinyo Dodoma bado ni mchanga.

Lakini sitaki kuifanya familia kuwa dawa. Familia hugombana, hugawana mashamba vipande vipande, na siku hizi huuza. Hekta moja ya sehemu zenye sifa, kama Cannubi, inazidi euro milioni moja kwa mbali, na ndugu wanne wenye hekta tano wakikaa kikao cha urithi si kila mmoja atakayetaka kubaki na matope. Mwaka 2016 nyumba ya Vietti ya Castiglione Falletto, ya vizazi vingi, ilinunuliwa na familia ya Kimarekani. Na kuna suala la sifa. Tunajua mgema hufanya nini na tembo akisifiwa. Bei za Barolo zimepanda mno katika miaka hii, na nimekutana na chupa mbili tatu ambazo ukisoma lebo unasikia tarumbeta na ukinywa unasikia maji. Za namna hiyo zinatoka kwa matajiri na kwa wenye buti za mpira vile vile. Ninachoweza kusema kwa nyumba ya Serralunga ni kwamba mwaka mvua ya mawe ilipowapiga, walikataa kuandika Barolo kwenye mavuno yote, wakayauza kwa jina dogo, Langhe Nebbiolo, kwa sehemu ndogo ya bei. Mama alinisimulia hilo kwa kuudhika, siyo kwa kujigamba.

Niliporudi likizo nilibeba chupa moja ya 2019, ya kwao. Nilikuwa nimepanga kuilaza mahali penye ubaridi nyumbani, lakini shangazi yangu wa Kilolo alikuwepo, na shangazi ni mgema wa ulanzi. Kila msimu wa mvua anakata chipukizi la mwanzi asubuhi na jioni, anafunga kopo chini yake, na kinywaji chake kina umri wa saa: asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anapewa, kikikaa kinakuwa mkangafu, na kuna mahali hapo katikati, pafupi sana, ambapo yeye husema sasa, na mtu akichelewa amekosa. Anajua kwa kunusa mdomo wa kopo, bila kuonja. Nilitaka kujua pua ile itasema nini.

Nikafungua chupa. Nikamwekea kwenye glasi ya maji, kubwa zaidi iliyokuwepo. Shangazi aliinusa kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akaizungusha bila kufundishwa na mtu, akanusa tena, akasema pana maua humu. Kisha akanywa. Nilifanya kama yule mama wa Serralunga: nikatazama uso, siyo glasi. Macho yalifumba, mashavu yakaingia ndani, akakaa hivyo akisubiri mate yarudi.

“Mwanangu,” alisema, akinirudishia glasi, “hii haijaiva. Funikeni mkaivundike.”